Kibuyu cha Shangazi Selina

Wiki jana, katika kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja sekondari, Mercy alitupa swali. Mercy ni yule aliyekuwa akikalia dawati la mbele darasani, na siku hizi anakalia viti vya ndege. Alitaka kila mmoja ataje nchi alizotembelea na, kati ya hizo, ile ambayo angependa kuirudia. Majibu yakamiminika. Dubai. Uturuki. Rwanda, kwa sababu ni safi. Thailand, pamoja na picha ya aliyekuwa kiranja wetu, mtu mzima, amekaa juu ya tembo. Mmoja akataja Zanzibar, wengine wakaanza kubishana naye kama hiyo ni nchi ama ni matembezi. Mimi nilijinyamazia nikitumaini hakuna atakayenikumbuka, lakini Mercy hajawahi kumwacha mtu apite hivi hivi. Akaandika: "Na Jero je? Ama hata kufika Gilgil hapo bado kunakupa kizunguzungu?"

Walicheka, nikawaacha wacheke, maana mengine ni ya kweli. Sina pasipoti. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Kisumu, kwa mazishi, na nilirudi siku hiyo hiyo kwa sababu sikuwa nimebeba mto wangu. Nikienda Bahati kumwona dada yangu nabeba sweta, maji na mandazi kama mtu anayevuka jangwa. Haya wenzangu wote wanayajua. Wasichokijua ni kwamba sikubaki nyumbani kwa kukosa nauli, wala kwa woga. Nilibaki kwa makusudi. Uamuzi wenyewe niliufanya nikiwa bado sina meno ya mbele, na sijaona sababu ya kuubadilisha, hata kwa ajili ya tembo.

Swali la Mercy lilinikuta jikoni nikichoma kibuyu. Anayeijua harufu hiyo hahitaji kuelezwa, na asiyeijua nitamwonea huruma kidogo halafu nimweleze. Unakisugua kibuyu ndani kwa ufagio wake mwembamba, unakianika, kisha unaingiza kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto na kukizungusha humo ndani mpaka mkaa usagike na kushika kuta. Ndipo unapotia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, unaziba, unangoja siku zake. Yakitoka yana rangi ya mawingu ya mlima Menengai kabla ya mvua, na uchachu unaofumba jicho moja. Sisi Wakalenjin tunayaita mursik. Siku hizi nchi nzima inayajua kwa sababu ya wanariadha wanaonyweshwa uwanja wa ndege mbele ya kamera. Shangazi yangu Selina hakuwahi kunyweshwa mbele ya kamera. Alinyweshwa langoni kwetu, Kiamunyi, mbwa wawili wakitazama.

Kiamunyi ya wakati huo haikuwa hii ya mageti ya rangi na vyumba vya kukodisha. Ilikuwa mahindi, miti ya saiprasi, na lile vumbi letu laini kama unga ambalo huingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Tulikaa nyumba ya mbao: Baba, Mama, dada yangu, mimi, na Gogo, yaani nyanya yangu, mama ya Baba na ya Shangazi Selina. Jiko la Gogo lilikuwa nyuma, na ukutani vilining'inia vibuyu vyake. Kimoja kilikuwa na ukanda wa ngozi wenye shanga nyekundu. Hicho kilikuwa cha Shangazi. Kila alipoondoka kwenda ng'ambo, Gogo alimimina maziwa humo mbele yake, akiwa hata hajafuta machozi ya kuagana, akakiziba, akakirudisha kwenye msumari wake.

Na Shangazi aliondoka mara nyingi. Kazi yake ilikuwa kukimbia, ila hakukimbia ili ashinde. Wanariadha wenyewe waliwaita watu kama yeye masungura. Sungura huajiriwa kukaa mbele na kuvuta kasi, wenzake wanamfuata nyuma yake wakikingwa upepo, na njia ikifika nusu au zaidi kidogo anatoka kando, kazi imekwisha. Wale wa nyuma ndio wanaoendelea mpaka kwenye utepe, maua na wimbo wa taifa. Mtu mzima ukimweleza hivi anaelewa. Mimi sikuwa mtu mzima.

Siku za mbio, majirani walijaa sebuleni kwetu kwa sababu ya televisheni. Shangazi angeonekana mbele kabisa ya wanawake wa dunia nzima, mabega yake yale yale niliyobebwa juu yake, na Baba angesimama na kuziba kioo kwa mgongo mpaka azomewe. Halafu Shangazi anasogea pembeni, anapunguza mwendo, na kamera inaendelea na wengine kana kwamba hajawahi kuzaliwa. Na kila mara jirani yetu, Baba Njoroge, alitoa maneno yale yale, akiwa ameshika kikombe cha chai yetu.

"Huyu wenu amekumbuka aliacha jiko likiwaka."

Watu walicheka. Baba alicheka pia, kwa meno tu. Mimi sikucheka kwa sababu niliamini. Nilimwona Baba Njoroge kuwa mtu mwenye akili kuliko wote, maana ni yeye peke yake aliyetambua kilichotokea: Shangazi, akiwa mbele ya dunia, amekumbuka nyumbani. Jiko halikuwa linawaka, hilo niliweza kuhakikisha mwenyewe. Kwa hivyo alichokumbuka lazima kilikuwa kibuyu. Maziwa yake yalikuwa yanamngoja ukutani, yakamvuta, akaacha mbio akarudi. Na kweli, baada ya siku chache angerudi. Ungeniambia nini?

Basi nikajipa kazi ya ulinzi. Nilikagua kibuyu chenye shanga asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kazi ya nyumbani, na mara nyingi badala ya kazi ya nyumbani. Wageni walipokuja na Gogo akanyoosha mkono ukutani, niliacha kupumua mpaka achukue kingine. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtu akiyanywa maziwa yale, Shangazi hatakuwa na cha kukumbuka. Atakimbia tu. Atakimbia mpaka mwisho wa barabara ya wenyewe na kupotelea huko.

Kila aliporudi, Shangazi hakuingia langoni. Alisimama nje na mkoba wake, miguu pamoja kama mtoto wa shule, mpaka Gogo atoke na kibuyu, kwa kuwa kwetu atokaye safari hunywa kwanza ndipo aingie. Akinywa, Gogo anachovya kidole na kumpaka tone kifuani. Ndipo mbwa walipoacha kubweka. Nilidhani nao wanasubiri maziwa yafanye kazi.

Baadaye nilikaa kitandani mwake akifungua mkoba, na swali langu lilikuwa lile lile la Mercy. Nchi gani nzuri? Utairudia ipi? Nilijua wengine wangejibu kwa majumba na maduka. Shangazi alipanga nchi zake kwa namna yake. Alipenda Uholanzi kwa kuwa barabara imelala kama mkeka, na kwa kuwa aliwahi kukuta waridi hotelini, akauliza zimetoka wapi, akaambiwa Naivasha. Akaziamkia. Aliipenda Italia kwa sababu ya mama mmoja wa jikoni aliyempikia ugali wa manjano, laini, bila sukuma wiki, akasimama juu yake mpaka aumalize. Lakini ya kwanza, kila mwaka, ilikuwa Japani.

Huko kulikuwa na mzee mmoja. Pale masungura wanapotoka barabarani, ambapo hakuna kamera wala mwandishi, mzee huyo alisimama kwenye manyunyu na taulo. Mara ya kwanza alimfunika Shangazi mabega, akainama, akaenda zake. Mwaka uliofuata Shangazi alitoka barabarani mahali pale pale, na mzee alikuwa hapo, na taulo. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza.

"Sasa nchi kama hiyo utaacha kurudi?" Shangazi aliniuliza. "Na mtu amesimama kwa mvua?"

Nilimuuliza kama mzee ana kibuyu. Akasema labda nyumbani kwake.

Halafu akaja yule bwana. Baba alimwita boss, Gogo alimwita mgeni, na mimi nitamwita Viatu, kwa sababu viatu vyake viling'aa na alipoteza muda mwingi akivipangusa vumbi la Kiamunyi kwa kitambaa, vumbi likirudi kabla hajakunja kitambaa chake. Alikuwa wakala. Alitumwa na nchi moja ya joto na mafuta, ambayo sitaitaja kwa kuwa haijanikosea. Nchi hiyo ilikuwa na viwanja na mabarabara na haikuwa na wanawake wa kukimbia juu yake. Ilimtaka Shangazi achukue uraia wao na bendera yao, na jina jipya la kuendana nayo. Huko hangekuwa sungura. Angekuwa wa kwanza. Angeruhusiwa kumaliza.

Nimefikiria neno hilo sana tangu niwe mtu mzima, kuruhusiwa kumaliza. Kwetu kulikuwa na wanawake wengi wenye kasi, na kwa mwenye kasi kidogo tu chini yao nafasi ilikuwa ile ya kuvuta wengine. Wakati Viatu alipokuwa akizungumza, nilimwona Shangazi akikunja na kukunjua vidole. Alitaka. Sitamfanya mtakatifu kwa sababu ya hadithi yangu: alitaka kuukata utepe kwa kifua chake.

Baba alitaka hata zaidi. Alikuwa kaka yake mkubwa, na vile vicheko vya sebuleni vilikuwa vimemkaa moyoni. Alisema hapa Selina atakuwa sungura mpaka mvi zimtoke, na huko ataitwa bingwa. Alisema nyumba ya Milimani, mtaa wa matajiri, haikuwa ndoto tena, na kwamba ataiangalia yeye mwenyewe wakati Selina yuko mbali, jambo ambalo Mama alilipokea kwa kukohoa. Gogo alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi akichambua maharagwe, na maharagwe yenyewe yalikuwa yameshachambuliwa jana.

Ndipo Baba aliponigeukia na kusema, "Jero, leta kibuyu. Mgeni anywe."

Nikaenda jikoni. Na niseme hapa bila kuona haya: vibuyu vingine vilikuwepo, ila siku ile akili yangu iliona kimoja tu. Niliona mkono wa Viatu ukikishika kile chenye shanga. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nikakivuta kutoka msumarini, kikubwa karibu kunizidi kimo, nikatoka nacho kwa mlango wa nyuma mpaka zizini, nikaingia ndani ya hori la ng'ombe na kukikumbatia. Ng'ombe aliniangalia kama mtu aliyekaliwa sahani yake.

Waliita. Baba aliita kwa sauti ya wageni, kisha kwa sauti ya nyumbani. Nikasikia nyayo, nikajua si za Baba kwa sababu zilikuwa nyepesi.

"Toka humo," Shangazi alisema. "Mgeni anangoja."

"Asinywe haya."

"Kwa nini?"

"Akiyanywa, utarudia nini?"

Hakuelewa, ikabidi nimfundishe. Nilimweleza yote, pua ikinitoka kamasi: kwamba Gogo humwekea maziwa siku anayoondoka, kwamba yeye akiwa mbele ya wote kwenye televisheni huyakumbuka, ndiyo maana huacha mbio na kuja nyumbani, kwamba Baba Njoroge mwenyewe amethibitisha. Na kwamba huko anakopelekwa, kama watamruhusu kumaliza, ina maana hatakumbuka tena.

Alicheka sana. Halafu kicheko kikamkauka, akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe na sketi yake ya kanisani.

"Wewe ndiye umekuwa ukilinda hiki?"

"Kila siku."

"Hata nikiwa Italia?"

"Hata Italia."

Alizigusa shanga za kibuyu. Nikaona huo ni wakati wa kuuliza lililokuwa likinisumbua, kama huko kwa Viatu kuna ng'ombe. Akasema walipompeleka kuitazama nchi hiyo hakuona hata mmoja. Nikauliza nani alimngoja huko.

"Dereva," akasema. "Na karatasi yenye jina langu. Walikuwa wameliandika vibaya."

Aliniinua kutoka kwenye hori, tukarudi sebuleni mimi nikiwa bado nimekumbatia kibuyu, majani kichwani. Baba alinitazama kwa jicho lililoahidi mambo baada ya mgeni kuondoka. Shangazi hakukaa.

"Boss," alimwambia Viatu, "nikichukua hiyo bendera, siku nikija hapa nitakuja kama nani?"

"Kama wewe tu, madam. Tutakuombea viza ya mgeni, na ikiisha tunaongeza. Ni karatasi."

"Ya mgeni?"

"Ni karatasi tu, Selina," Baba akasema.

Gogo aliweka chini ungo wa maharagwe. Alienda jikoni, akarudi na kibuyu kingine, cha kawaida, kisicho na shanga, akammiminia Viatu kikombe kilichojaa, kwa mikono miwili, kwa heshima yote. Kwetu mgeni hanyimwi. Viatu akanywa, akafumba jicho moja, akasifu. Kisha Gogo akaninyang'anya kile chenye shanga, akachukua kikombe cha pili, akamgeukia binti yake.

"Na wewe," akasema, "nikumiminie kama nani?"

Hakuna aliyejibu kwa niaba yake. Hata Baba, ambaye kwa kawaida hujibu kwa niaba ya kila mtu, alitazama dirishani. Shangazi alikiangalia kikombe, akamwangalia Viatu na makaratasi yaliyokuwa magotini pake. Leo najua alikuwa akiuaga utepe.

"Kama Selina," akasema. Kisha akamwambia mgeni, kwa upole tu, "Mwambie aliyekutuma asante. Mimi bado nina mzee ananingoja Japani na taulo. Nikienda na jina lingine hatanijua."

Viatu aliondoka na vumbi lake. Baba hakusema na dada yake mpaka mahindi yakavunwa, na mimi nilipata nilichoahidiwa kwa lile jicho, nikakipokea kama mwanajeshi. Baba Njoroge alitangaza Kiamunyi nzima kwamba safari hii mtu ameacha mbio hata kabla ya kuanza. Na aliyekwenda badala ya Shangazi, mwanamke mwingine wa huku kwetu, alichukua bendera ile na kweli akaja kushinda. Tulimwona kwenye televisheni ile ile. Shangazi alimpigia makofi mpaka mwisho, akaenda kukamua ng'ombe.

Gogo ndiye aliyenieleza baadaye, bila huruma, kwamba sikuwa nimelinda kitu. Maziwa ya siku ya kuondoka hayangedumu muda wote huo. Alikuwa akiyabadilisha kila wiki nikiwa shuleni, na yale ya zamani nilinyweshwa mimi mwenyewe na ugali. Yaani mwizi wa maziwa ya Shangazi, kama alikuwepo, alikuwa mlinzi. Nilimuuliza sasa kwa nini alijisumbua kumimina mbele ya anayeondoka. Akasema, "Ili ajue kuna mtu atakayekuwa akiyatoa na kuweka mengine mpaka arudi." Safari iliyofuata ya Shangazi, kibuyu nilikishika mimi langoni.

Nikakishika iliyofuata, na iliyofuata. Nikamaliza sekondari, wenzangu wakatawanyika, nami nikafungua duka langu la nafaka hapa hapa, na kila mara mtu akaniuliza ninangoja nini. Swali zuri, ingawa waliuliza kwa kebehi. Gogo alipofariki kibuyu kilikuja kwangu bila mkutano wowote wa familia. Nimewanywesha langoni wapwa waliotoka Uarabuni wamekonda, binamu aliyetoka masomoni na kiingereza kipya, na Baba alipotoka hospitali. Wote walikuwa na nchi za kusimulia. Hakuna hata mmoja aliyepita bila kusimama. Kwa hiyo ninyi wa tembo, furahini na tembo. Ila msinihurumie. Ninyi mnatembea duniani mkijua mna mahali pa kurudi, na hamjawahi kujiuliza pahali hapo panakaliwa na nani.

Hatimaye nilimjibu Mercy kwa kifupi: "Kiamunyi. Nimerudi leo kutoka dukani, na kesho nitairudia tena." Wakacheka upya. Nikaizima simu, kibuyu kilikuwa kimepoa.

Jioni mbwa walibweka, si wale, wajukuu wao. Shangazi Selina anakaa nasi sasa, kwenye ile nyumba ya mbao. Magoti yaliisha kwa kuvuta kasi za watu, na hutembea kwa fimbo mpaka stejini, kwenye kituo cha matatu, na kurudi, safari inayomchukua muda mrefu kuliko zile mbio zake zote. Lango lilikuwa wazi, hakuingia. Alisimama nje na mfuko wa nyanya, miguu pamoja. Nikamwacha asimame kidogo, kwa sababu na mimi nina kiburi changu.

"Haya, msafiri," nikamwambia. "Umetoka nchi gani?"

"Stejini."

"Watu wa huko wakoje?"

"Wakali. Nyanya wanauza kama dhahabu." Akaegemeza fimbo kwenye nguzo ili mikono yote miwili iwe huru. "Lakini nitarudi. Leta maziwa, nimechoka kusimama nchi za watu."